Geti la Kurrawilla

Noreen Pascoe hajawahi kurusha ndege ya kweli hata siku moja, lakini mjini Longreach, ndege ikianguka kwenye kompyuta ya mtu, anaitwa yeye. Aliendesha basi la shule miaka thelathini, akastaafu, akaona kukaa bure ni ugonjwa. Sasa wastaafu wenzake wanaocheza ule mchezo wa kurusha ndege wanamlipa kwa keki. Na wao, jamani, hawana breki! Kila kiongezeo wanachokiona mtandaoni, iwe mawingu, viwanja au ng'ombe, wanakishindilia humohumo, halafu wanashangaa vikigombana.

Jumapili hiyo asubuhi alipigiwa simu na Clarrie Hobday, mzee wa miaka themanini na moja.

"Noreen, nalipuka! Kila nikigusa ardhi ya Kurrawilla, pu! Na Dulcie anafika saa tisa."

Dulcie ni dada yake mkubwa, na Kurrawilla lilikuwa shamba la kondoo la wazazi wao. Liliuzwa, nyumba ikabomolewa, na Dulcie hakurudi tena tangu alipoondoka akiwa msichana. Sasa macho yake yalikuwa yanakwisha, na daktari hakumficha: mwakani hataona kitu. Clarrie akamwahidi, njoo, nitakutua nyumbani ukapaone.

Noreen akafika, akavaa miwani. "Una viongezeo vingapi?"

"Vichache tu."

Akahesabu: mia mbili na kumi na viwili. "Vichache! Mzee wewe utanizika."

Akatoa nusu, wakaruka, wakalipuka. Akatoa nusu ya vilivyobaki, wakalipuka tena. Chai ikapoa mara tatu. Saa nane vikabaki viwili, vyote vya kiwanja cha ndege cha shamba la Kurrawilla. Kimoja Clarrie alikinunua mwezi uliopita, kizuri kweli. Noreen akafungua cha pili, akakuta jina lake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako! Alikitengeneza miaka tisa nyuma, kazi yake ya kwanza kabisa, kwa kutazama picha moja ya zamani aliyoipiga Clarrie. Kila kimoja kiliweka ardhi kwa kimo chake, basi ndege ikagusa ardhi ya huku na kujibamiza kwenye ya kule.

"Si nilikwambia ukinunua kipya ufute cha zamani? Na ukaniapia!"

"Nilifuta vya watu wote. Chako kilinishinda." Clarrie akainamisha kichwa. "Hicho cha dukani kizuri, lakini si kwetu."

Noreen aliona haya. Nyumba aliyoichora ilikuwa kama boksi la viatu. Kidole kilikuwa tayari kukifuta cha kwake. Akafuta cha dukani.

Dulcie alipofika, alikaa pua ikikaribia kugusa skrini. Clarrie akashusha ndege, Noreen akaziba masikio. Magurudumu yakagusa, yakadunda kidogo, ndege ikakimbia vumbini, ikasimama salama. Clarrie alikuwa analia waziwazi, wala hakujali.

Dulcie akanyoosha kidole. "Lile geti liko wazi."

"Nimelichora kama lilivyo kwenye picha, mama," Noreen akasema. "Ile aliyoipiga Clarrie siku unaondoka."

"Nikiwa wapi?"

"Ndani ya ndege tayari. Unapunga mkono dirishani."

Dulcie akamgeukia mdogo wake, polepole.

"Clarrie. Geti nililifunga kwa mkono wangu huu, ndipo nikapanda ndege. Wewe ulilifungua tena, upate pa kusimama na kamera yako!"

Clarrie akaanza kukuna shingo.

"Kondoo mia tatu wametawanyika, Baba kaniandikia barua ya kunifokea kurasa nne, kafa akiamini ni mimi! Miaka sitini na miwili umenyamaza!"

"Noreen," Clarrie akanong'ona, "hili geti linafutika?"

"Thubutu!" akasema Dulcie, huku akicheka mpaka akashika mbavu. Akajifuta macho kwa kiganja, akasogeza kiti karibu zaidi. "Ruka tena, mwongo mkubwa wee. Na safari hii upite chini, nilione vizuri."