Mwalimu Badibanga na Mtihani wa Mama Mbelu

Mwalimu Badibanga alichoka kabla ya wakati wake. Hakuwa na miaka arobaini, lakini ungemwona akitoka ofisini kwenye kambi ya wachimbaji hapa Kolwezi, koti begani, mgongo umeinama, ungedhani ndiye aliyeshinda shimoni. Kumbe kutwa aliita majina ya watu tu, maana alikuwa karani. Jioni alifundisha katekisimu katika kanisa dogo la kambi, na huko ndiko alikoitwa mwalimu.

Zamani alikaribia upadri. Alisoma falsafa miaka miwili katika seminari kubwa, akaipenda kupita kiasi, hata wakubwa wakamrudisha nyumbani kwa barua fupi iliyosema hana wito. Alirudi na daftari moja. Humo mlikuwa na hoja tano za kuthibitisha kwamba Mungu yuko, na zote alizijua kama baba anavyojua majina ya watoto wake. Jambo moja hakumwambia mtu, hata mkewe Henriette: tangu barua ile hakuweza kusali. Akianza Baba Yetu, akili ilidakia katikati. Asiyebadilika anaombwaje? Na kama anajua haja yako, unamweleza nini? Basi akawa anawasalisha wenzake, naye amesimama wima mbele yao. Mganga hajigangi.

Labda ndiyo maana alikuwa mkali katika mtihani wa ubatizo. Sala bila kuelewa ni debe tupu, alikuwa akisema, na asiyejibu sawasawa alingoja mwaka mwingine. Padri alifika kambini mara moja kwa mwezi na alimwamini. Ambaye Badibanga hakumwandika, hakubatizwa.

Mama Mbelu alikuwa ameangushwa mara mbili. Alikuwa mjane kutoka Kasai. Mumewe Ngeleka alifia mgodini akiwa Mkristo, akazikwa upande wa wabatizwa, mahali ambapo mpagani hakulazwa. Mama huyu hakutaka kingine duniani ila kulala karibu naye, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Miaka minne alihudhuria mafundisho, na kila Jumamosi, siku ya mposho pale kambini, alifagia kanisa bila kuagizwa, kwa sababu vumbi jekundu la mgodi liliingia madirishani na kutanda sakafuni wiki nzima.

Wiki moja kabla ya ubatizo wa Pasaka ya mwaka 1954, akaitwa kwa mara ya tatu. Badibanga alikuwa ametoka kazini kichwa kinamuuma. Akamwuliza swali lilelile la miaka yote: Mungu ni nani?

Mama Mbelu akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo kwao mbele ya mkubwa, akasema ni Mvidi Mukulu, jina la Mungu katika lugha ya kwao, jua lisilotazamwa.

"Hii haiko jibu, mama," Badibanga akasema. "Ni kusifu tu. Mi nakuuliza Mungu ni nani."

Mama Mbelu akafikiri. Akasema yeye hajui njia nyingine ya kumtaja. Mtu hamweki mkubwa wake pembeni na kumwelezea kama mbuzi wa sokoni. Badibanga akashika kalamu ili akate jina lake. Alimhurumia, tena sana, lakini uchovu ulikuwa umeizidi huruma.

Mama akainuka taratibu akijishikiza ukutani. Hakulia, wala hakukasirika.

"Tata mwalimu, miaka ine mi nafagia humu, kila siku ya mposho," akasema. "Mahali ya bantu bote naona mu mavumbi alama ya magoti. Mahali yako, alama ya biatu tu. Njo maana nakuombeaka."

Kalamu ikabaki hewani. Aibu ilimshika Badibanga hadi masikioni. Miaka yote alidhani amejificha, kumbe mwanamke mwenye ufagio alikuwa akizisoma nyayo zake kila wiki. Akaliandika jina la Mama Mbelu kati ya watakaobatizwa, kwa mwandiko mbaya, usiomfaa karani.

Wote walipoondoka, akapiga magoti mahali pake. Maneno hayakuja. Swali lake lilikuwepo bado, halijajibiwa. Magoti yaliuma, naye akakaa hivyohivyo, mtu aliyechoka, mbele ya Mungu ambaye yeye alimthibitisha mara tano na hakuwahi kumsalimu. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na kila siku alipotoka kazini.

Jumamosi ya ubatizo alifika asubuhi na mapema, Padri hajaja. Mama Mbelu alikuwa amekwisha kufagia, ameketi nje mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani. Wakaamkiana, mwalimu akaingia ndani. Sakafu nzima ilikuwa safi. Mahali pake peke yake hapakuwa pamefagiwa. Vumbi lilikuwa palepale, na ndani yake alama mbili za magoti.