Wimbo Aliopewa Mabruki

Vumbi la maganda ya maharage lina harufu yake, kavu na tamu kidogo, tena linawasha pua. Juzi jirani yangu hapa Gitega alikuwa anapura maharage uani, ikabidi niingie ndani. Harufu ile ilinirudisha kwetu Giteranyi, kwa dada yangu Goreti, ambaye tumemzika msimu huu.

Nilikuwa bado mtoto, nasi tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania: baba, mama, Goreti na mimi. Goreti alikuja na riwaya moja, jalada limeshatoka. Mchana tulipochambua maharage, mama na mimi tuligawana fungu lake ili yeye atusomee. Ilikuwa habari ya Mabruki, mwanamume aliyerudi kwao akakuta shamba lake lina watu wengine. Tangu hapo kila salamu aliisikia kama dharau, na chakula cha mkewe alikimwaga.

Baba naye alikuta shamba lake limegawanywa, akapewa kipande tu. Akaanza kula nje peke yake, ametupa kisogo. Kisha asubuhi moja akamwambia mama kwamba kesho anarudi Tanzania, na anakwenda peke yake. Mchana huo alikuwa anakaza mnyororo wa baiskeli karibu nasi, Goreti akisoma.

Mabruki alipopiga sahani teke, nikapaza sauti: "Mpumbavu huyu! Si aende tu!"

Mama aliacha kuchambua. Goreti akanitazama.

"We, jana si ulilia tulipoimba ule wimbo wa shambani?"

Wimbo wenyewe ulisema: nasikia mwanangu akicheka ndani, nami niko uani kama mgeni.

"Yule wa wimbo ana huzuni," nikajibu. "Huyu ana hasira."

"Ni mtu yuleyule, mdogo wangu. Kitabu kinakuonyesha anachofanya. Wimbo unakuambia kinachomuuma."

Mlio wa spana ukakoma. "Na mwisho wake?" baba akauliza bila kugeuka. "Anaondoka?"

"Njoo uchambue kidogo, baba, ndipo nisome. Hapa hakuna kusikiliza bure!"

Baba akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Akaja akakaa, akaingiza mikono kwenye maharage. Goreti akasoma jinsi Mabruki alivyosimama uani, akamsikia mwanawe akicheka ndani, akajiona kama mgeni, halafu akagonga mlango.

"Mbona hayo ni maneno ya wimbo?" nikauliza.

Goreti akanikanyaga kidole cha mguu, akaendelea.

Jioni ile baba alikula ndani pamoja nasi. Kesho yake hakuondoka, wala siku nyingine yoyote.

Nilipokuwa mtu mzima nilikisoma kitabu kile mwenyewe. Mabruki anaondoka alfajiri na mkewe hamwoni tena. Hakuna mahali anapogonga mlango. Mimi sikusoma sana, na sijui wenye elimu husema nini juu ya riwaya. Ninachojua ni kwamba dada yangu, msichana mdogo tu, alichukua maneno ya wimbo akampa mtu wa kitabuni, kwa sababu mtu yule hakuwa na maneno, na baba yetu pia hakuwa nayo.

Siku ile Goreti alikuwa anageuza kurasa bila kuzitazama. Nilidhani amezikariri.