Mjulishe Mzoa Taka

Msimamizi wa ofisi yetu ya hospitali tulimwita Mheshimiwa, na yeye, maskini, akadhani tunamheshimu. Debe tupu haliachi kuvuma, na lake lilivuma mpaka chumba cha eksirei. Alikuwa na suti mbili, mke mpole na ugonjwa mmoja: hakuwahi kuuliza kitu. Kuuliza, alisema, ni kazi ya wanafunzi.

Mimi natengeneza programu za hospitali. Ile ya picha za eksirei ilikuwa ikiganda kila mchana kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta inajaa. Ndani ya programu kuna sehemu tunayoiita mzoa taka, kazi yake kufuta kumbukumbu zisizohitajika tena. Lakini picha kubwa hukaa nje ya eneo lake, na sehemu hiyo haizioni mpaka iambiwe ukubwa wake. Basi nikamwandikia mwenzangu wa zamu ya jioni ubaoni: "Mjulishe mzoa taka kuhusu kumbukumbu asizozisimamia."

Mheshimiwa akapita, akasoma, akaguna kama aliyeelewa. Kisha akamwita mzee anayezoa taka za hospitali, akamfungulia stoo ambayo ufunguo wake anao yeye tu, akamwonyesha mafaili ya wagonjwa. Kumbukumbu si ndizo hizo? Mzee akauliza kama kweli atoe yote. Akafokewa. Akabeba, akachoma.

Daktari alipotaka faili la mgonjwa wa moyo akakuta rafu tupu. Mheshimiwa akamsukumia mzee lawama, eti alimwambia azoe taka tu, mzee ndiye hakumwelewa. Mzee huyo analea wajukuu peke yake, na akaambiwa arudishe sare. Nilimdharau Mheshimiwa.

Nikamweleza mkurugenzi wa hospitali maana ya maneno ya ubaoni. Mama yule akatuita sote. Mheshimiwa akacheka, akasema hakuna asiyejua kwamba mzoa taka yule ni sehemu ya programu.

"Kwa hiyo ulijua maneno yale hayamhusu mzee huyu," mkurugenzi akasema, "na bado ukamfungulia stoo?"

Angesema tu hakuelewa, angekemewa na kurudi kitini kwake. Mkurugenzi akamsubiri. Hata mzee, sare mkononi, alimtazama kwa huruma.

"Nilijua," akajibu, akinyoosha tai.

"Haya. Mzee wangu, vaa sare yako. Wewe, nenda nyumbani."