Kumbe Gari Halikuwa na Kosa

Semeni kweli, mmewahi kulaumu gari na kosa ni lenu?

Mimi leo.

Mwezi mzima nimemsumbua fundi na springi na upepo wa magurudumu. Bado uwanjani gari la mashindano lanitupa nje, kona ile ile.

Dadangu Mwanaisha, dereva wa tuktuk huko Kuze, akasema, "Shuka nijaribu."

Akapita kona kama anaelea.

Nikamuuliza siri yake.

"Wewe wafunga breki ushaingia konani," akaniambia kwa upole. "Funga kabla, kisha liache lizunguke."

Nikajaribu. Gari likapinda taratibu, bila kelele, kama ndotoni.

Nikaendelea kuzunguka hadi Mwanaisha akachoka kunipungia mkono nisimame, akaenda kukaa kivulini.