Kulivalisha Dirisha la Tao

Baba alikuwa fundi mwashi. Kwa kuwa alijenga makanisa miaka mingi, nyumba yetu ya Gonja nayo aliipa madirisha ya tao, yamepinda juu kama mshikio wa kikapu. Yalikuwa mazuri kuyatazama na balaa kuyavalisha. Miaka ile ya maduka matupu hatukuhangaika, maana hata kitambaa cha sare ya shule kilikuwa cha kupanga foleni. Mama alitundika khanga zilizochakaa. Ziliishia pale tao linapoanzia, na juu yake pakabaki nusu duara wazi.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na vitambaa vikamwagika gulioni Same. Mama akanichukua twende kuchagua, labda kwa sababu nilikuwa na maswali mengi kuliko adabu na hakuna muuzaji angetudanganya kirahisi. Wakati huo baba alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, miguu haina kazi tena, akishinda kitandani. Nyumba yetu iko chini ya njia, kama nyingi za mlimani, kwa hiyo wapita njia walimwona kupitia ile nusu duara. Jambo hilo lilimuuma mama. Alitaka kuiziba kabla ya kingine chochote.

Mimi nilitaka neti yenye maua. Mama akachagua kitambaa kizito cha kahawia, akakiinua kwenye jua kuhakikisha hakipitishi hata kivuli. Nikamuuliza muuzaji watu wenye madirisha kama yetu hufanyaje. Akatuuzia springi ya kutundikia pazia, akaapa kwamba itafuata tao lenyewe. Mwongo yule! Springi ukiivuta hunyooka. Tulipoifunga nyumbani ilikata tao katikati, na baba akacheka mpaka akakohoa. Aliyelipinda dirisha ni yeye, akatuachia sisi shida.

Nikabuni njia yangu: kukunja marinda yakutane chini katikati, halafu kuyapigilia misumari kulifuata tao. Mama alipenda. Tukapanda juu ya meza, tukaanza upande mmoja. Ndipo baba akaacha kucheka.

"Hapo juu paacheni," alisema.

"Watu wanakuona umelala," mama akamjibu bila kugeuka.

"Nimelala, lakini nipo."

Mama aliendelea kugonga. Tulipomaliza alishuka, akajilaza kando ya baba, kichwa kwenye mto wake, aone kama kuna upenyo. Uliokuwepo ulikuwa mmoja, pembeni, nami nikaushika niubane. Mama akaniambia ningoje kwanza.

Nami nikashuka nikachungulia kutoka pale walipolala, maana sikuwahi kujiuliza baba anaona nini. Hakukuwa na mlima wala mbingu. Ilikuwa njia tu, na watu hadi magotini. Baba akaanza kumweleza mama taratibu. Katambuga zile za matairi zinazoegemea kulia ni za mzee anayetoka kijiji cha Mamba, leo mzigo wake wa tangawizi ni mzito. Vile viguu vidogo vyenye vumbi vimetoroka shule. Hawa wawili wamegombana, tazama walivyoachana. Mama alimuuliza amejuaje, naye akasema siku zote huja sambamba. Kisha miguu fulani ikasimama, magoti yakakunjika, na uso wa mwanamke mmoja jirani ukatokea kwenye upenyo, ukitafuta.

"Shikamoo, fundi. Mbona leo umejificha?"

"Marahaba, mwanangu. Nipo."

Mama alibaki amelala pale muda mrefu, akiuliza hii ni ya nani, na ile je. Uji uliungua jikoni na hakuna aliyekwenda kuuepua. Alipoinuka alichukua nyundo mwenyewe, akang'oa misumari yote.

Baba alifariki wakati wa vuli. Waombolezaji walipokwisha kutawanyika nilimuuliza mama kama sasa tulizibe tao. Akaniambia kitambaa kile nijishonee sketi, kisha akahamia upande wa kitanda aliokuwa akilala baba.