Filimbi Iliyompa Tuzo Dhingra

Kwa miaka ishirini na mbili Eusebio Noronha, Mgoa wa mtaa wa Mahim, Bombay, aliandika muziki unaosikika nyuma ya maneno ya waigizaji wa filamu. Nyimbo zilikuwa za bosi wake, mtunzi Bhaskar Dhingra, ambaye jina lake lilijaa kwenye mabango. Lakini kilio cha mama, mbio za jambazi, ukimya wa mahakamani, hivyo vilitoka kwenye kalamu ya Eusebio. Mwishoni mwa filamu aliandikwa "msaidizi", jina likapita upesi hata mkewe hakuliona.

Mwaka wa ishirini na mbili alimzika dada yake Jumatatu. Jumatano akaletewa kipande cha filamu: maiti ya bibi arusi inapelekwa kuchomwa. Akaandika filimbi peke yake, bila fidla hata moja. Raghunath, mpiga filimbi na rafiki yake wa siku nyingi, aliipiga mara moja tu, akatoka nje kufuta macho.

Muziki huo ukapata tuzo. Siku ya kuitoa, Eusebio na mkewe Filomena walikaa safu ya nyuma kabisa. Dhingra akapanda jukwaani akasema, "Filimbi ile ilinijia ndotoni." Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Ndoto gani?" Filomena alifoka. "Si wiki ile alikuwa Kashmir anapiga picha na theluji?"

Kesho yake Eusebio akamfuata bosi wake. "Sanamu ya tuzo kaa nayo, bwana. Nitaje tu kwa waandishi wa habari."

Dhingra akamkumbatia. "Eusebio, wewe ni mkono wangu wa kulia. Umeona wapi mkono ukapewa tuzo?"

Ndipo Eusebio akamweleza mwandishi wa gazeti kila kitu. Mwandishi akaenda studio kuwauliza wapiga muziki. Watu sitini, wote wakainamia vyombo vyao. Raghunath akasema, "Mimi napuliza kilichowekwa mbele yangu. Nani kakiandika, sikumbuki."

Eusebio hakuitwa tena studio, kwa Dhingra wala kwa mtunzi mwingine.

Baada ya mwezi Raghunath alibisha hodi asubuhi, kashika boksi la peremende. "Nina watoto wanne, kaka," alisema mlangoni.

"Najua," Eusebio akajibu. "Basi wahi kazini, usije ukachelewa."

Akafunga mlango taratibu. Miaka iliyobaki alifundisha fidla watoto wa parokia, na walipomwuliza zamani alifanya kazi gani, aliwaambia washike upinde vizuri.