Mama mkwe, kadi ya benki na simu inayotaka tabasamu

Leo simu yangu imemwambia mama mkwe atabasamu mbele yangu. Nilitamani kuingia chini ya kaunta.

Mnajua nina duka la pembejeo hapa Manundu. Asubuhi kaingia mama mzaa chema, bibi yake Zawadi wangu, katoka Mnyuzi kufuata mbegu za mahindi. Mvua imeshaanza, hawezi kurudi mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Zawadi," huku anatazama mlango.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mwaka wa tisa huu tangu nimwoe binti yake!

Akatoa kadi ya benki. Sasa siku hizi kadi peke yake haitoshi, mpaka simu yangu ihakiki sura ya mwenye kadi. Na dukani tuko wawili tu.

Simu ikasema kwa sauti: "Tazama kamera."

Mama akatazama mifuko ya mbolea.

"Uso hauonekani. Jaribu tena."

Na mimi nimegeukia pembeni, kumbe kamera nimeielekezea ndoo.

"Jaribu tena."

Jamani, jasho!

Mwishowe nikampa mgongo kabisa, simu nikainyanyua juu ya bega.

"Tabasamu."

Nikafumba macho.

Halafu ting! Imekubali.

Nikamfungia mbegu macho chini. Kufika mlangoni, akasema:

"Baba Zawadi, wewe ulitoa mahari na miaka yote hujayaona meno yangu. Hiyo simu yako dakika tano tu, tena bure!"

Wakwe wenzangu, ningecheka au ningenyamaza? Semeni, maana bado nimegeukia ukutani.